Kocha Kapigwa Rede

Leo nimetolewa uwanjani na mabinti ninaowafundisha softiboli.

Hapahapa mtaani Gerezani, watu wanaangalia.

Nimewaelekeza vizuri: kiwiko juu ya bega, piga hatua, zungusha kiuno, achia mpira.

Mwajuma karusha. Jamani, ule mkono! Mpira umemfuata Neema kifuani.

Neema kaukwepa. Kwa madaha! Wenzake wakamshangilia.

"Neema, huo unadakwa!"

"Kocha, nisimame nipigwe?"

Kumbe hawa wamekulia kwenye rede. Kule ukiwa katikati, mpira ukija unakwepa, ukikupata umekufa.

Nikaingia katikati niwaeleweshe.

Nani alinituma?

Paa! Mwajuma kanipata kalioni.

"Kocha umekufa, toka!"

Nikatoka.

Mliocheza rede, ningebisha nini? Kiwiko kilikuwa juu ya bega, vilevile nilivyomfundisha.