Tanuri Mbele ya Mlango

Kuni zimeshika moto. Emilienne Kalonda anainama, anachungulia ndani ya tanuri, kisha anarudisha uso haraka na kujipangusa jasho kwa ncha ya kitenge. Nyuma yake, juu ya meza ndefu, mikate mibichi imefunikwa kwa mifuko ya unga iliyofuliwa na inaumuka taratibu. Jua ndiyo kwanza linachomoza, na katika mtaa huu wa mji wa Kasongo watu wameshaanza kupita kwenda sokoni.

Wapitao hawana budi kukwepa. Tanuri la Emilienne limejengwa mbele ya nyumba, karibu kabisa na njia, mahali ambapo mtu mwingine angeweka kiti cha wageni. Moshi ukigeuka unaingia sebuleni. Anayebisha hodi hupita kwanza kati ya moto na rundo la kuni. Na nyuma ya nyumba hiyohiyo kuna uwanja mpana, mtupu, uliofagiwa vizuri.

"Kila mutu ananiuliza," anasema bila kugeuka. "Mama, juu ya nini tanuri iko mbele? Nawaambia, nunua mukate kwanza."

Emilienne ana miaka arobaini na minne na watoto watatu. Kuoka mikate alifundishwa na marehemu mama yake, Dieudonnée, kule Kabambare, katika nyumba ambayo baadaye aliachiwa yeye. Mume wake, Gédéon, anachimba dhahabu upande wa Lusangi na huonekana nyumbani mara chache, mara na kitu mfukoni, mara na homa tu.

Kabambare ilimchosha kwa sababu moja, unga wa ngano. Ulikuwa ukiletwa kwa pikipiki, na barabara ile ikilowa hata mfuko wa unga hufika umechoka kuliko dereva. Mwaka juzi aliuza nyumba ya mama yake, akaamua kununua nyingine Kasongo, kwenye soko kubwa na shule ya kufaa kwa binti yake, Aurélie.

Kununua nyumba Kasongo si kama kununua sufuria. Unapitia kwa komisionere, yule mtu wa kati anayemjua muuzaji na anayejua mnunuzi anatafuta nini. Makomisionere wa zamani huchukua asilimia kumi ya bei, na kwa pesa hiyo wanakuchosha. Leo mnatazama nyumba, kesho mnakaa na jirani wa kulia, keshokutwa na wa kushoto, halafu mnakwenda kwa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa. Kote huko mnakunywa chai mpaka tumbo linalia. Wanunuzi wengi walikuwa wakilalamika kwamba wanalipishwa kwa ajili ya chai.

Ndipo walipotokea vijana wa asilimia tano. Hao hawana chai. Wana telefone.

Chadrack ni mmoja wao, kijana mtanashati, mcheshi, asiyekosa salio. Alimtumia Emilienne foto nne akiwa bado Kabambare. Foto ya mlango, ya sebule, ya paa la mabati lisilo na kutu, na ya nne uwanja wa nyuma, ambako palikuwa na jukwaa fupi la saruji lililotandazwa mihogo iliyomenywa, ikikauka juani.

"Ile ya nne ndiyo ilinimaliza," Emilienne anakumbuka. "Nilisema, Mungu iko muzuri, hata pa kuanika mihogo pako tayari. Na uwanja wa tanuri ni ule pale."

Wahenga walishasema kwamba rahisi huvunja upishi, lakini nani hukumbuka methali akiwa ameshikilia bei nzuri? Alilipa. Alifika Kasongo siku ya pili ya safari, matope hadi magotini, akapewa ufunguo mlangoni. Chadrack alimtakia baraka, akaondoka.

Emilienne si wa kwanza wala wa mwisho. Roger, mwalimu wa shule ya msingi mtaa wa pili, naye alinunua kwa komisionere wa bei ya chini. Alipohamia aliwakuta wapangaji wa mwenye nyumba wa zamani bado wamo ndani, hawajaambiwa lolote. Walipika kwenye jiko moja kwa miezi mitatu. "Akisha kupokea pesa yako," anasema Roger, "telefone yake inaingia porini, haina tena rezo, haipatikani."

Siku za kwanza Emilienne aliishi kwa furaha. Alinunua matofali ya kuchoma, akayapanga uwanjani nyuma. Asubuhi alimenya mihogo yake, akaitandaza juu ya saruji ile. Jioni aliikusanya. Upande wa pili wa ua jirani yake, Latifa, muuza chumvi na sabuni, alikuwa akimtazama bila kusema neno.

"Tulifikiri anajua," Latifa anaeleza leo, akiwa ameketi kwenye kibao kando ya tanuri. "Tulisema, huyu mama wa Kabambare anatuzarau."

Mwishowe alishindwa kunyamaza. Alipiga hodi, akaingia, akasimama mbali kidogo na saruji. Hakupandisha sauti.

"Dada," alisema, "unaanika mihogo juu ya bibi yetu."

Lilikuwa kaburi. Chini yake amelala bibi wa Yakubu, mtu aliyeuza nyumba ile, wa ukoo wa Kiislamu ulioishi mtaa huo tangu zamani za biashara za mto. Miaka ya mwisho nyumba ilipangishwa kwa wageni wasiojua kitu, nao ndio walioanza kuanika mihogo pale. Latifa na wenzake walikwisha kuwakanya, wakaacha, wakahama. Foto ilibaki.

Emilienne aliikusanya mihogo yote. Hakuila na hakuiuza. Aliimwaga shimoni, akanawa mara mbili, akampigia Chadrack. Chadrack alipokea siku ya tatu.

"Mama Emilienne, miye nilichukua tano," alimwambia. "Tano ni ya kuonyesha mulango. Mambo ya majirani iko ndani ya kumi."

Alipoulizwa na mwandishi wa simulizi hii, Chadrack hakujificha. Alikiri kwa uso mkunjufu kwamba uwanja ule hakuwahi kuuona. "Ile foto ya nyuma alinitumia mupangaji. Miye mwenyewe sikuzunguka. Ukizunguka kila nyumba kwa asilimia tano, utakula nini?"

Yakubu anaishi Kindu sasa. Kwenye telefone alikuwa mpole, na upole wake ulimuumiza Emilienne kuliko matusi. Nyumba ilikuwa ya urithi, alisema, na pesa zilikwisha kugawanywa kwa ndugu zake wote, haziwezi kurudi. Alidhani komisionere amemweleza, kwani makomisionere wote huzunguka na majirani. Kila mwaka kabla ya Ramadhani ukoo hukusanyika pale kumsomea marehemu dua, na Kasongo nzima inajua.

"Nyumba niliuza, mama," alimaliza. "Bibi sikumuuza."

Gédéon, kutoka machimboni, alikuwa na neno moja tu: "Mama Aurélie, toka hapo." Kutoka kwenda wapi, hakusema. Nyumba ya Kabambare ilikwisha kuuzwa, na pesa zake zote zilikuwa zimesimama pale, kuta nne na paa la mabati. Bila tanuri hapangekuwa na mkate, na bila mkate Aurélie angerudishwa nyumbani kwa karo kabla muhula haujafika katikati.

"Nilikasirika," anasema Emilienne. "Nilikasirikia Chadrack, nikakasirikia Yakubu, mwisho nikamukasirikia na yule bibi, mutu hata sikumujua. Nikasema basi, nitajenga nyuma. Parseli, uwanja wote, ni yangu."

Alimwita fundi. Fundi alipiga kamba, akachimba mstari wa kwanza wa msingi, hatua chache kutoka kaburini. Latifa aliingia tena, safari hii bila hodi, akaketi juu ya lundo la matofali. Fundi hakuweza kuchukua tofali hata moja bila kumwinua mama wa watu. Alisubiri, akakuna kichwa, akaenda kutafuta chakula, na siku hiyo hakurudi.

"Jenga, dada, sikukatazi," Latifa alimwambia walipobaki wawili. "Lakini siku ya dua tutapiga magoti ndani ya moshi yako."

Emilienne aliingia ndani. Siku ile ilimkera kuona kwamba jirani yake hana hasira. Matofali yalibaki yamepangwa, msingi ukajaa maji ya mvua, na yeye akawa anakaanga maandazi machache ya kusukuma siku.

Shaabani ilipofika ukingoni, Ramadhani ikiwa mlangoni, ukoo wa Yakubu ulikuja. Wanaume walikuja na kanzu zao, wanawake na mikeka na masufuria, na watoto walioonywa njiani wasikimbie. Emilienne alijifungia ndani. Anasema alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alishapanga hata maneno atakayosema.

Mlango ulibishwa. Alikuwa mzee Mahamudu, baba mdogo wa Yakubu, na buli la bati mkononi, tupu.

"Hodi, binti. Tunaomba maji ya kutawaza."

Maji mtu hanyimwi. Alimjazia buli, akamjazia na ndoo, kisha akarudi ndani na kukaa kitandani akisikiliza sauti za dua zikipanda na kushuka nyuma ya ukuta. Maneno yote aliyoyapanga yakapotea. Walipomaliza, mzee alibisha tena, sasa na sahani ya pilau iliyofunikwa kwa nyingine.

"Asante kwa kumulinda bibi yetu," alisema. "Sisi tunakuya mara moja kwa mwaka. Weye ndiye unakaa naye kila siku."

Hapo Emilienne alilia. Alilia mlangoni, sahani mikononi, mbele ya watu asiowajua, mpaka Latifa akaja kumshika bega. Walidhani ameguswa na dua. Kumbe kwa mawazo alikuwa amefika Kabambare.

Nyuma ya nyumba aliyoiuza kule, chini ya miti mitatu ya kahawa, amezikwa Dieudonnée, mama yake, yule aliyemfundisha kukanda. Kaburi lile halina saruji. Lina mawe machache na mmea wa majani mekundu. Nyumba ilinunuliwa na Nathanaël, mfanyabiashara wa vitenge, kwa telefone, kwa mkono wa komisionere kijana aliyechukua kidogo na kuharakisha. Emilienne aliambiwa asimkawize mteja kwa maneno mengi, naye hakumkawiza.

"Sikumuambia," anasema, na hapa ndipo mikono yake inapoacha kazi. "Nilijisemea, ataona. Lakini miye nilitazama saruji kabisa, na sikuona kaburi. Yeye ataona nini pale, kwa mawe?"

Aliyemwonea uchungu siku hiyo hakuwa yeye mwenyewe tena. Ilimuuma kwamba huenda kuna mke wa mtu kule ambaye kila asubuhi anatandaza mihogo yake palepale, kwa moyo safi, kama alivyofanya yeye.

Kesho yake aliyahamisha matofali kwa mikono yake hadi mbele ya nyumba. Latifa alimsaidia, na fundi, aliporudi, alikuta kazi ya kubeba imekwisha na akathubutu kudai malipo yaleyale. Tanuri likasimama mlangoni. Siku hizi anatoa kama mikate mia na ishirini, na akishalipa unga na kuni hubakiwa na faranga elfu kumi na tano siku njema, chini ya hapo siku ya mvua. Harufu inafanya kazi ambayo mlango wa nyuma usingeifanya. Mtu aliyekuwa anakwenda zake hujikuta amesimama.

Hata Chadrack husimama. Asubuhi hii anashuka kwenye pikipiki, anachagua mikate mitano, anaibonyezabonyeza na kuomba apunguziwe.

"Nikikupunguzia," Emilienne anamwambia, "sitakuambia ndani nilitia nini."

Chadrack anacheka, analipa bei kamili. Wanasema siku hizi anachukua asilimia saba na anazunguka nyuma ya nyumba. Chai bado hanywi.

Lakini Emilienne ana haraka ya jambo jingine. Wiki iliyopita dereva mmoja aliyeleta unga alimpa habari za Kabambare: Nathanaël ameshusha mabati na mbao, anataka kujenga depo ya bidhaa zake nyuma ya nyumba. Mtu angesema mpigie telefone. Namba anayo. Mara mbili ameitafuta, mara mbili ameweka telefone chini.

"Mambo ya kaburi haisemwi kwa telefone," anasema. "Na ile nyumba niliuza kwa telefone. Yatosha."

Amekwisha kupatana na dereva huyohuyo, wanaondoka kesho mvua ikiruhusu. Latifa atalinda tanuri na kuuza mikate iliyobaki. Juu ya meza, pembeni, kuna mikate kumi iliyofungwa kwa kitambaa safi, ambayo wateja wameiulizia tangu asubuhi na wamekataliwa. Hataki nyumba irudi. Anachotaka ni njia ndogo ya kupita, na siku moja kwa mwaka. Nathanaël anaweza kukataa, kwani alilipa pesa halali, na hakuna aliyemwambia kitu.

Emilienne anavuta mkate wa kwanza wa zamu ya pili kutoka motoni, anaugonga chini kwa kidole, anasikiliza. Umeiva.

"Sitaanza na kaburi," anasema. "Nitabisha hodi pa mulango wa mama yangu, nitaomba maji. Akinipa, nitamuonyesha mama yangu iko wapi."