Mbuzi Kiwete wa Kianjai

Uji wa wimbi uliochacha ndio harufu ya likizo ile. Kila boma tulilofika Kianjai, huko Meru, tulikaribishwa kwa uji huo, na kuukataa ni utovu wa adabu, kwa hiyo nilimfuata baba huku na huko tumbo likiwa limenijaa gesi. Baba alikuwa mhadhiri wa historia. Tuliishi Majimbo, mjini Embu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kitabu kikubwa alichokuwa akikiandika, cha kuthibitisha njia ambayo ukoo wetu ulipitia hadi kufika Meru. Kitabu hicho ndicho kingempa uprofesa. Nyumbani sote tulilijua hilo kama tulivyojua sala ya chakula.

Wazee wanne walikuwa wamekwisha kumweleza kwamba mababu walikuja na mbuzi kiwete, na pale mbuzi alipochoka ndipo walipojenga. Baba alifurahi mno. "Lisemwalo lipo," aliniambia akibadilisha kanda kwenye kinasa sauti. Lakini mzee wa tano, M'Itonga, alipomtaja mbuzi yule waziwazi, hata rangi yake, nilishtuka. Mbuzi yule alikuwa wangu. Nilipovunjika mguu nikiwa darasa la pili, baba alikuwa akiandika kijitabu cha hadithi ya safari ya mababu kwa ajili ya shule za msingi, akamtia mbuzi kiwete ili kunifariji. Miaka minne baadaye yeye alikuwa amesahau kabisa. Mimi sikusahau, maana mguu ulikuwa wangu.

Nikasema mbele ya mwenyeji jambo ambalo mtoto hasemi. "Baba, huyo mbuzi si ni wewe uliandika?"

M'Itonga hakukasirika. Alinigeukia na Kiswahili chake cha sokoni. "Ni kweli, mama. Hiyo kitabu mjukuu wangu alinisomea yote. Sasa mwalimu akiniuliza, nitakataa namna gani na ni yeye ameandika?"

Baba alizima kinasa sauti, akamaliza uji wake, akashukuru. Njiani hakunikaripia, na heri angenikaripia. Nilimwonea huruma hadi nikalia. Kitabu hakikutoka.

Siku hizi nami nafundisha historia. Wanafunzi huniletea simulizi tano zinazofanana neno kwa neno, wamezitoa kwenye simu, wakidai huo ni ushahidi wa watu watano. Mimi huwarudisha vijijini, nao hununa. Baba alistaafu akiwa mhadhiri tu. Mwaka jana nilimwuliza kama alitamani ningalinyamaza siku ile.

"Ningekuwa profesa," alisema. "Na wewe peke yako ungejua mbuzi yule alitoka wapi."