Mashini Mbili za Chesi

Misheck alirudi Nchelenge mwaka 1997, kazi ya mgodini Kitwe ilipokwisha. Alikuja na mke wake Dorica, sanduku la vyombo vya ufundi, na mashini ya kucheza chesi aliyoachiwa na bosi wake. Alifungua kibanda cha kutengeneza injini za boti, na jioni aliwaonyesha watu jinsi mashini ile ilivyowashinda wote, yeye mwenyewe pia. Alizoea kusema kwamba kandokando ya Ziwa Mweru hakuna nyingine kama hiyo.

Siku moja Nkulu, mfanyabiashara wa samaki kutoka Kilwa, upande wa Kongo, ambaye injini ya boti yake ilitengenezwa kibandani hapo, alivuka ziwa na mashini ya kwake. Ilikuwa ya marehemu baba yake, na mzee huyo alisema siku zote kwamba kule Lubumbashi hakuna mashini iliyowahi kuishinda.

"Basi muzipiganishe," watu wakasema.

Hatua ya mashini moja ingechezwa kwenye ubao wa nyingine, hivyo hivyo mpaka mfalme mmoja afungwe. Kila moja ilikuwa na ngazi za nguvu, na maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Nkulu akaisukuma yake mbele ya Misheck.

"Weye unajua Kingereza, ba Misheck. Uitie nguvu sawa na yako."

Misheck aliutazama umati. Akaiweka yake juu kabisa. Ya Nkulu akaiacha chini, ngazi ya wanaojifunza.

Mashini ya Nkulu ilijibu papo hapo kila mara, na mwenyewe akafurahi. "Muone, haifikirie hata." Kisha ikatoa malkia wake bure, na muda si mrefu ikashindwa. Watu walimbeba Misheck mabegani. Nkulu aliifuta yake vumbi kwa mkono wa shati, polepole.

"Kumbe baba alikuwa anatudanganya," alisema.

Jioni ile Misheck aliirudisha sahani ya chakula ikiwa imejaa. Dorica alipomuuliza, alimweleza yote huku ameinama.

"Mimi unaniambia ya nini?" Dorica akasema. "Aliyetukaniwa baba ni yule."

Asubuhi Misheck alipanda baiskeli mpaka Kabuta, kando ya ziwa, ambako Nkulu alikuwa akipakia samaki wakavu. Wapakiaji walikuwa wamemzunguka. Misheck alitamani kumwita kando, lakini alijijua: kando asingesema kweli yote.

"Miye nilikudanganya," alisema. "Yako niliiweka chini. Baba yako hakusema bongo, alisema kweli."

Wapakiaji waliacha kazi.

"Juu ya nini?" Nkulu akauliza.

"Niliogopa kushindwa mbele ya watu."

Nkulu hakumtukana. Aliitoa mashini kwenye mfuko, akaiweka juu ya gunia. "Unionyeshe kwenye nguvu iko."

Misheck alimwonyesha kitufe.

Jumapili walirudia mchezo, nguvu zikiwa sawa, Nkulu akibonyeza mwenyewe. Ya baba yake ilishinda, bila haraka. Waliombeba Misheck walitawanyika, naye alikusanya kete zake peke yake.

Nkulu aliendelea kumletea injini yake. Ila sasa kila alipoileta alivuta kigoda, akakaa akiiangalia mikono ya Misheck mpaka kazi iishe, na Misheck hakuthubutu kumwambia aende zake.