Nyanya za Chupa Nilizozimwagia Alizeti

"Winfrida, huyo mwenzio aliyesimama hapo ni nani?"

Aliyeuliza ni mama mkwe wangu. Jikoni nilikuwa peke yangu.

Nikacheka. Nikasema bibi katoka usingizini. Kicheko kile nakijutia mpaka leo.

Naishi Mandewa, hapa Singida mjini. Msimu ule bustani yangu ilizaa nyanya mpaka majirani wakawa wananikwepa nisiwagawie tena. Rafiki yangu Dorika, aliyewahi kupata mafunzo ya usindikaji, akanielekeza kuzihifadhi kwenye chupa.

"Chupa ya lita moja, vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau. Yale ya dukani, uchachu wake haubadiliki. Usiruke hapo, shoga. Halafu zichemshe zikiwa zimezama kabisa majini, na uangalie saa."

Nikaitikia vizuri tu. Nilipofika nyumbani, nikaruka.

Mama mkwe, Mama Emiliana, alikuwa na vidonda vya tumbo. Niliona limau litamtesa. Nikajiongeza: juu ya nyanya nikamwaga mafuta ya alizeti, unene wa kidole, kama mama yangu kule Ihanja anavyohifadhi nyama ya kukaanga. Sisi watu wa Singida bwana, kwetu alizeti inatibu kila kitu. Kuchemsha nikachemsha kidogo, gesi isiishe.

Chupa kumi na mbili. Nikazipiga picha, nikaweka status. Watu wakanimwagia makopakopa.

Wiki ya tatu ndipo mama mkwe akaniona niko wawili.

Jioni ile kope zikamwanguka, ulimi ukawa mzito. Tukamkimbiza hospitali.

Daktari akauliza, "Siku mbili tatu hizi amekula nini?"

Wifi yangu Catherine alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ugali na mlenda," nikajibu.

Nilijua kwenye kabati chupa za nyanya zimepungua moja. Lakini niliogopa. Kesho yake ningeitwa muuaji wa mkwe.

Siku ya tatu pumzi ikakata.

Sikulia. Watu wakasema mkamwana ana uchungu mpaka machozi yamekauka. Uongo. Nilikuwa nimekufa ganzi tu. Niliona kila kitu kama msiba wa nyumba nyingine.

Msibani kina mama walikuwa wanapika. Catherine akatoka ndani amebeba chupa zangu kwenye beseni.

"Wifi, hizi nyanya zako zitatutosha mboga ya watu wote."

Akashika kisu, akakipeleka kwenye kifuniko.

"Usifungue!"

Watu wote wakageuka. Nikasema yote: limau nililoacha, alizeti niliyomwaga, uongo wa mlenda. Nikasubiri kupigwa.

Catherine akaweka kisu chini.

"Mama alinipigia simu," akasema taratibu. "Akaniambia chupa moja kifuniko kimevimba. Akasema haitupi, mkamwana wake kahangaika sana, akikuta imetupwa atavunjika moyo. Nikamwambia, mama, hiyo ni hewa tu, wewe kula."

Akanigeukia.

"Pale hospitali nilikuwa nakusubiri wewe uanze. Uliposema mlenda, na mimi nikanyamaza."

Tulikaa chini palepale, mimi na yeye. Machozi hayakuja hata hapo. Baadaye shemeji akachimba shimo refu, tukazifukia chupa zote kumi na moja bila kuzifungua.

Wewe unayeanza kusindika nyanya, ukielekezwa limau weka limau. Mafuta usimwage, yanaziba hewa na sumu inazaliwa chini yake. Muda wa kuchemsha usiupunje. Kifuniko kikivimba, usionje hata kwa ncha ya ulimi, tupa. Na hata kisipovimba, kama hukufuata maelekezo, tupa vilevile.

Lakini kubwa ni hili: daktari akikuuliza mgonjwa kala nini, mtajie. Utaona aibu, ndiyo. Aibu hiyo ni ya siku moja tu, mimi nimeipitia. Mama Emiliana tumeshamzika.