Uso wa Tatu Stendi ya Newala

Mama yangu nilimjulia stendi ya mabasi. Alikuwa amechongwa kwenye gogo la mpingo, uso wa tatu kutoka chini, shingo imeinama kidogo kama ya mtu aliyezoea ndoo kichwani. Alifariki wiki niliyozaliwa, na hakuacha hata picha moja.

Juzi nilishuka Newala nikakuta mama muuza korosho amekaa pale pale liliposimama gogo lile. Nikasimama na begi langu, utoto wote ukanirudia.

Enzi hizo biashara huria ndiyo kwanza imeruhusiwa. Mabasi ya watu binafsi yalianza kupanda mlima kuja kwetu, yakipiga muziki, na stendi mpya ikajengwa. Kamati ya stendi ikataka kitu cha kumwonyesha mgeni kwamba amefika Umakondeni. Ikamwendea jirani yetu mchongaji, ikamwagiza achonge basi na mkulima mwenye jembe. Mchongaji akasema basi halina uso. Akachonga watu waliobebana, mmoja juu ya mwenzake, tangu mzee wa chini mpaka mtoto wa juu kabisa. Kamati ilipouliza ni akina nani, alijibu ni watu tu.

Bibi hakuuliza. Siku nguzo iliposimikwa kwenye saruji alisogea, akautazama uso wa tatu, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mama alimpelekea yule jirani maji usichana wake wote, na mikono ya mchongaji huyo ilikuwa haijamsahau.

Tangu hapo, kila siku ya gulio tulipitia stendi. Moshi wa dizeli ulichanganyika na harufu ya mabibo yaliyoiva. Bibi alichovya kidole kwenye kichupa cha mafuta ya ufuta, akampaka mwanawe mashavuni, kisha akanisukuma mbele nimwamkie. Nami niliamkia gogo, shikamoo mama, huku makondakta wakicheka.

"Bibi, huyo mwanao hapandi gari leo?" mmoja alimtania.

"Hapandi. Anawangoja nyie mrudi salama."

Neno hilo likaenea. Abiria wakaanza kumgusa shavu kabla ya kuteremka mlima, mpaka uso wake ukang'aa kuliko zote.

Kisha asubuhi moja tukakuta kisiki. Nguzo haikung'olewa, ilikatwa kwa msumeno juu ya mzee wa chini. Alibaki ndani ya saruji, mikono juu, hana tena wa kubeba. Wapiga debe walisema imepelekwa Masasi kutengenezwa. Bibi akafunga mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa, tukaifuata.

Huko Masasi, kwenye ofisi tuliyoelekezwa, bwana mmoja alitupokea vizuri. Akatuonyesha kinyago kirefu, kipya, kinanuka rangi ya viatu. Bibi akahesabu kutoka chini. Wa tatu alikuwa mwanamume anayevuta kiko.

"Huyu simjui," alisema.

"Bibi, hivi vyote vinafanana. Na kile kilikuwa mali ya umma."

"Umma ni akina nani, mwanangu, kama mimi simo?"

Tulirudi na mihogo yetu, hatukuwa tumeila.

Bibi alimwomba mchongaji amchonge mama upya. Jirani alitafuta gogo, akaketi nalo barazani msimu mzima wa korosho, patasi mkononi. Mwisho akaja kwetu, akakataa kiti.

"Dada, nisamehe," alisema. "Uso hauji."

Mpaka alipofariki, bibi aliendelea kumpaka mafuta mzee wa chini. Alisema ndiye wa mwisho kumbeba mwanawe.

Sasa stendi ina maduka pande zote, na watoto wa pale hawajui kwamba watu waliwahi kugusa kitu kabla ya safari. Nilimwomba mama wa korosho asogee kidogo. Alisogea, akashangaa kuona kwamba alichokalia kina vidole. Vimelika, lakini bado vinaelekea juu.

Nimeiulizia nguzo ofisini, kwenye maduka ya vinyago, hata kwa watu wa bandarini. Wengine husema ilivuka bahari, wengine kwamba imesimama kwenye ukumbi fulani mjini. Aliyeiona kwa macho yake sijampata.