Wambeti na Bolti za Kangeta

Wambeti alijifunza kuendesha gari akiwa amekaribia miaka hamsini, na aliyemfundisha alikuwa kipofu.

Mwalimu huyo alikuwa mumewe, Ireri, aliyekuwa dereva wa lori tangu ujana wake. Presha ya macho ilimpofusha pole pole, jicho moja kisha la pili, na kufikia mwaka wa 1986 hakuweza kutofautisha mchana na jioni. Nyumbani kwao, kilomita chache kutoka Runyenjes, aliacha kwenye banda la kahawa gari alilolipenda sana: Datsun ya milango miwili, rangi ya chungwa, pua ndefu na mgongo ulioteremka kama wa swara anayekimbia. Aliinunua kwa mkulima Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Watu wa Embu walioona mashindano ya magari ya Safari miaka ya sabini wanalikumbuka gari la aina hiyo likipasua tope.

Wambeti alikuwa akikausha kahawa yake kando ya banda lile, na kila siku alimwona mumewe akiingia kulipapasa gari na kutoka tena. Asubuhi moja alimwambia, "Baba Nyaga, nifundishe mimi."

Ireri alicheka. "Mama Nyaga, hilo gari lina nguvu."

"Na mimi pia."

Basi wakaanza. Ireri alikaa kiti cha abiria, kichwa ameinamisha, akisikiliza injini kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua. "Toa mguu taratibu. Sasa tia gia ya pili. Punguza, mbele kuna kona ya mkono wa kushoto." Na kweli kona ilikuwa pale. Barabara yote aliibeba kichwani. Wachuma chai walikuwa wakisimama na vikapu mgongoni kuwatazama wakipita, na hakuna aliyejua amshangae nani, mama aliyeshika usukani au mzee aliyeona kwa masikio.

Baada ya mwaka mmoja hivi, rafiki wa Ireri aitwaye Nyamu, aliyewahi kutengeneza magari ya mashindano Nairobi, aliwaletea zawadi: rimu nne pana za aluminiamu. Gari lilipovishwa rimu hizo lilionekana kana kwamba limetoka dukani. Jumapili ile Wambeti na Ireri walitoka kanisani, wakaelekea mjini.

Walikuwa kwenye mteremko kabla ya soko Wambeti aliposikia usukani ukitetemeka. Kabla hajasema kitu, pua ya gari ilianguka upande wa kushoto, chuma kikakwaruza lami na cheche zikaruka. Aliung'ang'ania usukani kwa nguvu zote. Na hapo ndipo alipoona kitu ambacho hakukisahau maishani: gurudumu lao wenyewe likiwa mbele yao, limesimama wima, linateremka barabarani peke yake. Lilimpita mwanamke mwenye mtungi wa maziwa bila kumgusa. Likapanda ukingo, likaruka hewani, likatua juu ya majani ya chai na kuendelea, likidunda toka mstari hadi mstari, mpaka bonde likalimeza.

Gari lilisimama likiwa limeegemea ukingo.

"Umeumia?" Ireri aliuliza.

"Hapana. Gurudumu limetupita, Baba Nyaga."

"Nimelisikia," Ireri akasema kwa sauti ya chini. "Mungu ametunusuru."

Vijana waliliokota gurudumu bondeni na kusaidia kulivuta gari hadi nyumbani, na huko Ireri alipapasa pale gurudumu lilipong'oka akaelewa. Rimu za zamani zilikuwa za chuma chembamba. Hizi za Nyamu zilikuwa nene katikati, hivyo bolti zinazoshikilia gurudumu zilichungulia kidogo tu upande wa pili, na nati zikashika kwa ncha, kama mtu anayening'inia kwa kucha. Mwendo ulipozidi, nyuzi za bolti zilinyofoka.

"Tunarudisha rimu za zamani," akasema Ireri.

Wambeti aliliangalia gari. "Au tunatafuta bolti ndefu."

Akatia mkobani bolti moja nzima na nati yake, akaanza kutafuta. Embu mjini alizunguka maduka ya spea. Bolti za lori zilikuwa ndefu lakini nene kama kidole gumba, na zile za magari madogo zilikuwa fupi kama yake. Fundi mmoja alijitolea kuziunga kwa kuchomelea. Wambeti alikumbuka lile gurudumu likiruka hewani, akamshukuru na kuondoka.

Akapanda hadi Nkubu, kwa fundi wa kukereza chuma aitwaye Riungu. Mzee Riungu aliikagua bolti kwenye mwanga wa dirisha.

"Ninaweza kukutengenezea, mama, na itapendeza macho. Lakini chuma nilicho nacho ni laini. Tazama."

Alibana bolti aliyoikereza mwenyewe, akaipiga nyundo. Ikapinda kama mshumaa juani. Kisha akaibana ile ya Wambeti na kuipiga vilevile. Ililia kama kengele, na nyundo ikaruka nyuma. Wambeti aliguna. Kitu kidogo namna ile, ambacho hakuwahi hata kukitazama vizuri siku zote alizoendesha.

"Hii imepikwa kiwandani," Riungu akasema. "Sikiliza, enda Kangeta. Madereva wa miraa wanafunga rimu nene kama zako, na mwendo wao unaujua. Bolti fupi ingekuwa imewamaliza wote."

Alifika Kangeta mchana, soko likiwa limechemka. Miraa ilikuwa ikifungwa kwa majani ya ndizi na kurushwa kwenye pikapu, mikono ikienda kasi kiasi kwamba jicho halikuweza kuifuata. Alielekezwa kwa mwanamke aitwaye Kathambi, aliyeuza spea kwenye kibanda cha mabati.

"Gari gani?" Kathambi aliuliza.

"Datsun. Ile ndogo ya mashindano."

Kathambi alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Unaendesha wewe?"

"Mimi."

Kathambi hakuuliza zaidi. Alimwaga gunia zima la bolti juu ya turubai, wakachuchumaa pamoja. Ilibidi mambo mawili yakubaliane: nati iingie kwa vidole bila kulazimishwa, na yale meno madogo ya shingoni, yanayoizuia bolti isizunguke kwenye tundu lake, yawe na unene uleule. Moja ilikubali nati, shingo ikakataa. Nyingine shingo ilifaa, nati ikakwama. Jua lilikuwa limeanza kuinama Kathambi alipochukua moja iliyotoka kwenye pikapu, akaizungushia nati. Ikateleza hadi mwisho kama imepakwa mafuta. Shingo zikalingana. Na ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani kwa upana wa kidole.

Kabla Wambeti hajasema asante, ukelele wa kuondoka ulipigwa sokoni. Pikapu zikanguruma kwa pamoja, zikatoka moja nyuma ya nyingine, zimesheheni, ardhi ikitetemeka chini ya miguu yake na mabati ya kibanda yakilia. Alisimama mkono kifuani. Hakutazama madereva wala mizigo. Alitazama magurudumu tu, yote yale, kila moja likishikiliwa na vyuma vidogo vinavyoenea kiganjani.

Wambeti alirudi na bolti za kutosha magurudumu yote manne, na Ireri akazifunga kwa mikono yake mwenyewe. Alizivuta moja moja kwa nati na spana, akisikiliza, mpaka kila bolti ilipotoa mlio mdogo wa kukaa. Rimu zilipowekwa na nati kukazwa, alipitisha kidole gumba juu ya ncha za bolti. "Zimetokeza nje," akasema, na uso wake ukalainika.

Wiki iliyofuata waliondoka alfajiri kuelekea Meru. Wambeti aliteremka kuelekea daraja la Nithi kwa uangalifu, akapanda upande wa pili, na Ireri akamwambia, "Sasa liache liende." Akaliacha. Injini ikaimba, migomba ikapita kama upepo, usukani ukatulia mikononi mwake. Walipofika juu, wingu lilikuwa limeondoka, na Wambeti akapunguza mwendo bila kuambiwa.

"Umeona nini?"

"Mlima uko wazi wote. Theluji imeshika jua."

"Simamisha."

Ireri alishuka, akageuza uso upande ule aliojua mlima uko, akavua kofia. Kisha akazunguka gari akilishika kwa kiganja, akachuchumaa kwenye kila gurudumu na kugusa nati zake. Zilikuwa na joto, na hakuna iliyolegea.

"Twende, Mama Nyaga," akasema. "Meru bado ni mbali."