Droo ya Mishono ya Kwanza

Kama unadhani umaskini hufukuzwa kwa hotuba, basi hukumjua Mama Pindo. Kwake ulifukuzwa kwa kanyagio la cherehani, goti likipanda na kushuka, mpaka uzeeni goti lenyewe likawa linalia kuliko cherehani.

Enzi hizo alikuwa mjane kijana mwenye watoto watatu, akifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka. Chumba kilikuwa kimoja, pazia katikati, huku jiko, kule kitanda. Ndipo jirani yake, Shangazi Mkanda, shangazi wa mtaa mzima, ambaye hata msibani hakuvua mkanda wa kupimia shingoni, akamletea cherehani nyeusi juu ya mkokoteni. Haikuwa zawadi wala mkopo.

"Hii ina zamu," alimwambia. "Ikae kwako mpaka ununue ya kwako. Ukishanunua, mtafute mwenzako aliyekwama, umfundishe, umpe. Ukiificha, nitakuja kuibeba, na wewe nikuweke juu yake."

Kazi ya kwanza ilikuwa kaptura ya shule ya mwanawe mkubwa. Aliishona kwa moyo wote, akaigeuza, kumbe miguu yote miwili ni ya kulia! Shangazi Mkanda alicheka mpaka akashika ukuta. "Maskini mtoto wa watu, atakuwa anazunguka palepale!" Mama Pindo alitaka kuifumua, akazuiwa. Ilikuwa sheria ya cherehani ile: kazi yako ya kwanza uliyoboronga unaiacha drooni, ili anayekuja akikata tamaa afungue, aone waliomtangulia walianzia wapi. Humo alikuta blauzi ambayo mkono wake mmoja ulishonwa ukazibwa kabisa. Aliicheka, akafuta machozi, akakata kitambaa kingine.

Akaanza na mapindo ya suruali na sketi, ndiko jina lilikotoka. Haba na haba, watoto wakala, wakasoma, kibanda cha kushonea kikafunguliwa. Siku moja akanunua cherehani yake mwenyewe, imefanana na ile kama shilingi kwa ya pili. Ile ya zamu akampa muuza mkaa mmoja baada ya kumfundisha, nayo ikaendelea na safari yake, nyumba hadi nyumba, hata akapoteza habari zake.

Sasa macho yamefifia. Cherehani yake inakaa dirishani, imefunikwa kitambaa alichofuma kwa mkono. Kila asubuhi huifuta vumbi na kulizungusha gurudumu kidogo, asikie tu ule mlio. Akiusikia, watoto wanakuwa wadogo tena, wamelala nyuma ya pazia, na Shangazi Mkanda, Mungu amrehemu, anapiga hodi. Siku zile zilikuwa na dhiki, lakini alizipenda, na hakuona haya kusema hivyo. "Hii itatoka humu siku nitakayotoka mimi," aliwaambia wanawe.

Basi asubuhi moja mkokoteni ukasimama mlangoni. Alikuwa Mama Pacha wa uchochoro wa pili, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Zamu ya ile cherehani ya zamani ilikuwa imemfikia, lakini njiani gurudumu la mkokoteni liliingia mtaroni, cherehani ikaangukia jiwe. Alikuwa amemfuata mtoto wa mwisho wa Mama Pindo, fundi wa kutengeneza cherehani, aliyekuwa akinywa chai kwa mama yake.

Fundi aliinama, akagonga chuma kwa kidole. "Kichwa kimepasuka, dada yangu. Chuma cha namna hii hakiungiki. Hapa hata mimi sina ujanja."

Mama Pacha hakulia. "Haya, haikuwa riziki yangu. Nitarudi kufua."

Mama Pindo alimshika mkono amfariji, akahisi ile michubuko ya kufua vidoleni. Aliijua. Akavuta droo ya ile cherehani iliyopasuka, akapapasa matambara, na kabla macho hayajaona, vidole viliitambua kaptura ya miguu miwili ya kulia. Aliibana kifuani. Kisha akatazama dirishani.

Mwanawe akamwelewa. "Mama, hapana. Ile ni yako. Umeitolea jasho."

"Na ya kwanza, iliyokulisha wewe, niliitolea nini?"

Fundi akainuka. Akavua shati, akaibeba ile ya dirishani mpaka mkokotenini. Mama Pindo mwenyewe alihamisha matambara yote kutoka droo ya iliyopasuka hadi droo ya hii. Kaptura aliiweka juu kabisa.

Asubuhi iliyofuata mkono wake ulikwenda kwenye gurudumu kwa mazoea, ukakuta hewa. Ilimuuma, tena sana. Sakafuni zilibaki alama za miguu ya cherehani, akaweka kiti hapohapo na kukaa.

Jioni Mama Pacha alikuja mbio, uso umesawajika, mkononi gauni la mtoto. "Shikamoo mama. Nimeharibu kitambaa chote!"

"Marahaba. Hebu lete."

Mama Pindo alilipapasa. Shingo ilikuwa imeshonwa ikafungwa. Hata ngumi haipiti. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakimtoka, na kwa sekunde ile hakujua ni kicheko chake au cha Shangazi Mkanda.

"Usilifumue," alisema alipopata pumzi. "Nenda kalitie drooni, kisha uje nikuoneshe shingo inavyokatwa."